Kununua nyumba Kenya: hatua kwa hatua, kuanzia upekuzi wa sajili hadi nafuu ya kodi

Swali linalorudi kila mara huja likiwa limechelewa: “Nimeshalipa arbuni, na sasa mwenye nyumba hapokei simu. Nifanyeje?”

Sheria za Kenya zinamlinda mnunuzi kuliko wengi wanavyodhani, ila ulinzi huo hauji wenyewe. Kila kinga ina karatasi yake, na kila karatasi ina wakati wake. Anayetoa pesa kabla ya karatasi hubaki na kesi mkononi, na kesi za ardhi zinajulikana kwa kuburura miguu. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivi. Usiruke hata moja kwa sababu broka amekwambia kuna mteja mwingine anakuja kesho asubuhi na pesa taslimu. Huyo mteja mwingine huwa yupo kila siku.

Mwongozo huu ni wa raia anayenunua nyumba, flati au ploti ya kujenga makao. Asiye raia anaruhusiwa umiliki wa kukodisha tu, usiozidi miaka 99, kwa mujibu wa Kifungu cha 65 cha Katiba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), chako na cha muuzaji.
- Nakala ya hatimiliki ya muuzaji. Picha ya simu inatosha kuanzia upekuzi, haitoshi kulipia kitu.
- Akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ya Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ikiwa sajili ya eneo hilo imehamishiwa huko.
- Wakili wako mwenyewe.
- Mpima ardhi mwenye leseni, hasa kwa ploti au nyumba yenye uwanja.
- Pesa za pembeni, mbali na bei.

Hilo la mwisho ndilo linalokwamisha watu. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo mjini na asilimia 2 kwa iliyo nje ya mji, na anayelipa ni mnunuzi. Nyumba ya shilingi 5,000,000 mjini inadai shilingi 200,000 za stempu peke yake. Ongeza wakili, mpima, upekuzi na usajili. Ukiwa na bei kamili bila senti ya ziada, bado hujafika.

Hatua ya 1: Tafuta wakili wako, si wakili wa “sisi wote”

Muuzaji au kampuni ya ploti itakwambia wakili yupo tayari na ada imo ndani ya bei. Wakili huyo analipwa na upande wa pili. Siku mambo yakichacha, hutajua anakutetea wewe au aliyemwajiri.

Kabla ya kumpa kazi, tafuta jina lake kwenye orodha ya mtandaoni ya Chama cha Wanasheria cha Kenya, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Wapo waliosimamishwa ambao bado wana ofisi na muhuri. Broka naye, kama anajiita wakala wa nyumba, anatakiwa awe amesajiliwa na bodi inayosimamia mawakala chini ya Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533.

*Umefaulu ukiona:* una barua ya wakili inayosema anakuwakilisha wewe, na ada yake imeandikwa.

Hatua ya 2: Fanya upekuzi wa sajili, kisha usome ulichopewa

Watu hufanya upekuzi, wakaona jina la muuzaji, wakafurahi. Wameishia katikati. Sajili ya ardhi ina sehemu tatu, na kila moja ina swali lake.

Sehemu ya A inaeleza mali: ukubwa, na kama umiliki ni wa kudumu au wa kukodisha. Ukiwa wa kukodisha, hesabu miaka iliyobaki. Hati yenye miaka 18 iliyobaki si sawa na yenye miaka 80, hata kama nyumba zinafanana rangi, na benki nyingi zitaikataa ya kwanza.

Sehemu ya B inamtaja mwenyewe. Linganisha jina na nambari ya kitambulisho herufi kwa herufi. Tazama pia tarehe. Jina lililoingia mwezi uliopita si kosa, lakini ni sababu ya kuuliza.

Sehemu ya C ndiyo inayowanasa watu. Hapa huandikwa rehani ya benki na mizigo mingine iliyo juu ya mali. Tafuta pia kwenye sajili kizuizi kilichowekwa na mtu anayedai haki, na zuio la mahakama. “Hiyo loni tulimaliza, ni vile benki haijatoa” si jibu. Jibu ni hati ya benki ya kuondoa rehani, iliyosajiliwa.

Baada ya hapo omba historia ya ardhi hiyo, ile kadi ya kijani. Sababu ni Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kinasema hatimiliki ni ushahidi wa umiliki, lakini inaweza kufutwa kwa ulaghai ambao mwenye hati alihusika nao, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa ufisadi. Katika sababu hizo za mwisho, usafi wa moyo wako haukuokoi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilikataa kumlinda mnunuzi aliyesema hakujua lolote, kwa kuwa ardhi yenyewe ilikuwa ya umma na ilitolewa mwanzoni bila utaratibu. Kwa lugha nyepesi: unanunua pia makosa ya wote waliokutangulia.

Kwenye kadi hiyo fuata majina kutoka la kwanza hadi la muuzaji. Ukiona mtu aliyefariki, kisha jina la mwanawe, dai hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Sheria ya Urithi hairuhusu kuuza ardhi ya marehemu kabla ya uthibitisho huo, hata kama familia nzima imekubaliana kwa chai na mandazi.

Kuna pia karatasi zinazofanana na hati ilhali si hati. Barua ya ugawaji ya kaunti au ya serikali si hatimiliki. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi pia si hatimiliki, na mtaa mzima unaweza kukaa juu ya vyeti hivyo kwa miongo bila yeyote kuwa na hati. Ukishawishika kununua kwa cheti, elewa kuwa unanunua matumaini, na ulipe bei ya matumaini.

Kwa flati, uliza jambo moja la ziada: je, ina hati yake? Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inaruhusu kila nyumba ndani ya jengo kuwa na hatimiliki yake pamoja na fungu katika maeneo ya pamoja. Mjenzi anayesema hati “itatoka baadaye” aonyeshe mpango wa sehemu uliosajiliwa, yaani ramani inayoligawa jengo nyumba kwa nyumba.

*Umefaulu ukiona:* cheti cha upekuzi umekitoa mwenyewe au kwa mkono wa wakili wako, hakijakaa muda mrefu, na kila jina kwenye historia lina maelezo yenye karatasi.

Hatua ya 3: Nenda kwenye mali yenyewe

Nenda na mpima pamoja na ramani ya sajili kutoka ofisi ya upimaji. Atazitafuta bikoni, zile alama za mipaka zilizowekwa ardhini, na kukuonyesha mipaka. Utapeli wa zamani kuliko yote ni kuonyeshwa ploti iliyo kando ya barabara, kisha kuuziwa nambari ya ile iliyo bondeni.

Zungumza na majirani bila broka. Waulize nani amekuwa akilima hapo, nani anakaa, na kama kumewahi kuwa na ugomvi. Wapangaji waliomo, njia ya wengine kupita na madai ya mtu aliyekaa hapo miaka 12 bila kusumbuliwa ni mambo ambayo sajili huenda isiyaonyeshe.

*Umefaulu ukiona:* ripoti ya mpima inayotaja nambari ileile iliyo kwenye upekuzi.

Hatua ya 4: Mkataba kwanza, arbuni baadaye

Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Makubaliano ya mdomo, jumbe za simu na risiti ya M-Pesa havikupi haki ya kuidai nyumba. Vinaweza kukusaidia kudai pesa zako, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Arbuni ya kawaida ni asilimia 10. Isiende mfukoni mwa muuzaji. Iwekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili wake, naye aishike kama mdhamini wa pande zote mbili hadi mauzo yakamilike. Maneno hayo yaandikwe kwenye mkataba, kwa sababu wakili anayeshika pesa kwa niaba ya muuzaji peke yake anaweza kumpa kesho.

Mambo ambayo mkataba wako usikose:

- Bei halisi. Muuzaji akikuomba muandike bei ndogo ili kodi ipungue, kataa. Mauzo yakivunjika utadai kiasi kilichoandikwa tu. Tena stempu huhesabiwa kwa thamani ya mthamini wa serikali, kwa hiyo hata ujanja wenyewe hauna faida kwako.
- Siku ya kukamilisha. Masharti ya mauzo ya Chama cha Wanasheria hutumia siku 90.
- Orodha ya hati ambazo muuzaji lazima alete.
- Nani analipa nini. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Wapo wanaojaribu kuisukuma kwa mnunuzi kwa sentensi moja katikati ya ukurasa wa sita.
- Kitakachotokea muuzaji akishindwa: arbuni irudi ndani ya siku ngapi na kwa riba gani.
- Idhini ya mume au mke. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili. Kama muuzaji hana ndoa, aape kiapo cha kusema hivyo.

Ikiwa ulishatoa arbuni bila mkataba, usiongeze hata shilingi. Kusanya risiti na jumbe zote, mwambie wakili wako amwandikie muuzaji akitaka mkataba utiwe sahihi ndani ya muda maalumu au pesa zirudi. Muuzaji wa kweli huja haraka.

*Umefaulu ukiona:* nakala yako ya mkataba ina sahihi zote na mashahidi, na risiti ya arbuni imetolewa na ofisi ya wakili.

Hatua ya 5: Weka kizuizi kwenye sajili

Hii ndiyo kinga inayosahaulika kuliko zote, nayo ni ya bei nafuu. Sheria ya Usajili wa Ardhi, kuanzia kifungu cha 71, inamruhusu mwenye haki inayotokana na mkataba kuweka kizuizi. Kikishaingia kwenye sajili, muuzaji hawezi kumhamishia mwingine mali hiyo kimyakimya. Msajili atakutaarifu kwanza.

Msajili humjulisha pia mwenye ardhi, kwa hiyo mweleze muuzaji mapema asije akadhani unamfanyia vita. Wala usikiweke bila msingi. Kizuizi cha ovyo kinaweza kukufanya ulipe fidia.

*Umefaulu ukiona:* upekuzi mpya unaonyesha jina lako kwenye vikwazo.

Hatua ya 6: Panga pesa, na udai nafuu zako

*Mkopo wa benki au Sacco.* Uliza kama mkopeshaji anapata fedha kutoka Kenya Mortgage Refinance Company. Kampuni hiyo haikukopeshi wewe moja kwa moja. Inawapa benki na Sacco fedha za muda mrefu ili watoe mikopo ya nyumba yenye riba isiyobadilika na iliyo chini ya soko. Afisa wa mikopo hatakueleza usipouliza.

*Pensheni.* Kanuni za mwaka 2020 zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, isizidi shilingi milioni 7, mradi kanuni za mfuko wake zinakubali. Pesa hizo hazipitii mkononi mwako. Fikiri mara mbili kama umebakisha miaka michache kustaafu: nyumba haikupi ugali kila mwezi.

*Nafuu ya riba.* Ukikopa kununua nyumba unayoishi mwenyewe, riba unayolipa hutolewa kwenye mapato yako kabla ya kutozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilianza 27 Desemba 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 300,000. Kinachopungua ni mapato yanayotozwa, si kodi yenyewe. Kwa mtu aliye kwenye daraja la asilimia 30, riba ya shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka, inamrudishia shilingi 90,000.

Ili kuipata, chukua kwa mkopeshaji cheti cha riba iliyolipwa, umpe mwajiri apunguze PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, au udai mwenyewe kwenye iTax, mfumo wa kodi wa KRA, kabla ya 30 Juni. Nafuu ni ya nyumba moja tu, na si kila mkopeshaji anatambuliwa. Uliza kabla ya kusaini. Mkopo wa rafiki au wa chama cha mtaani hauhesabiwi.

*Nafuu ambayo si yako.* Sheria imewahi kumpa mjenzi wa nyumba nyingi nafuu yake ya kodi ya kampuni. Muuzaji akiitaja kama punguzo kwako, mwambie akuonyeshe limo wapi kwenye bei.

Hatua ya 7: Vibali

Kwa ardhi ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini, mauzo ni batili, hata kama umelipa yote na umeshapanda mahindi. Unachobaki nacho ni haki ya kudai pesa. Nenda kwenye kikao wewe na muuzaji. Mwenzi wake awepo pia.

Kwa ardhi ya kukodisha, muuzaji alete kibali cha kuhamisha na cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi ya serikali. Kwa mali iliyo katika eneo linalotozwa ada za kaunti, alete cheti cha kutodaiwa ada hizo. Deni lililosahaulika hukufuata wewe.

Hatua ya 8: Uthamini, stempu, uhamisho

Hati ya uhamisho ikishatiwa sahihi, mthamini wa serikali hutoa thamani, kisha unalipa ushuru wa stempu kupitia KRA. Lipa ndani ya siku 30, maana ucheleweshaji una faini.

Salio la bei lisitoke kabla hati halisi hazijafika kwa wakili wako. Kama benki inalipa, hutoa barua ya ahadi: itatoa pesa usajili ukikamilika. Muuzaji akiikataa barua hiyo, mwache wakili wake amweleze. Ni utaratibu wa kila siku.

Fanya upekuzi mwingine siku hati zinapopelekwa kusajiliwa, na mwingine baada ya kusajiliwa.

*Umefaulu ukiona:* Sehemu ya B ina jina lako. Hatimiliki iliyo mkononi huku sajili ikisema jina la mwingine haina thamani.

Kama unataka nyumba ya mpango wa serikali

Njia ni fupi lakini ina masharti yake. Jisajili kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya mpango huu, kwa kitambulisho chako na uanze kuweka akiba ya arbuni. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inagawa nyumba kwa kipato: za kijamii ni za wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu ni za kati ya 20,000 na 149,000.

Kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya mpango huu hakukupi nyumba. Hilo ni tozo kwa kila anayeajiriwa, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Nafuu ya kodi iliyokuwa asilimia 15 ya makato hayo iliondolewa Desemba 2024, na badala yake tozo yote hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi.

Mnunuzi wa mara ya kwanza chini ya mpango huu amesamehewa ushuru wa stempu. Msamaha hautumiki kwa nyumba uliyonunua kwa mjenzi binafsi nje ya mpango. Na huwezi kuiuza nyumba hiyo bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, kwa hiyo anayekuuzia “nafasi yake” pembeni anakuuzia hewa.

Ukishindwa kulipa mkopo

Benki haiwezi kuamka na kupiga mnada. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ikiwa umechelewa zaidi ya mwezi, lazima ikupe notisi ya angalau siku 90 kurekebisha (kifungu cha 90), kisha notisi nyingine ya siku 40 ya nia ya kuuza (kifungu cha 96). Dalali wa mnada naye hutoa siku 45 za kukomboa. Mwenzi wako lazima awe ameridhia rehani ikiwa ni nyumba ya ndoa, na lazima apewe notisi pia.

Kabla ya kuuza, benki inatakiwa ifanye uthamini. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake, na unaweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo. Kwa hiyo weka kila notisi pamoja na bahasha yake yenye tarehe, agiza uthamini wako mwenyewe mapema, na uende benki kuomba mkopo upangwe upya ndani ya zile siku 90 za kwanza, kabla gharama za dalali na mawakili hazijaongezwa kwenye deni lako.